JUU YA WATOTO WALALAO SHULENI



Mwezi wa Machi mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kukataza watoto wa darasa la kwanza hata la nne kulazwa katika mabweni, isipokuwa kwa kibali maalum cha Kamishna. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtoto mdogo ahitaji malezi na mapenzi ya nyumbani. Wengi wetu tuliupokea waraka huo kwa furaha, maana tumechoka kuona vitoto vikipandishwa katika mabasi pamoja na masanduku makubwa kuliko wenyewe. Walakini katika uwanda huu wetu wa kati, toka Dodoma hata Singida na kuendelea mpaka bonde la Eyasi, wako watoto ambao habari zao hazifanani na za watoto wa mjini. Hao ni watoto wa Wahadzabe, na kwa sehemu wale wa Wabarabaig wafuatao ng'ombe, na ni juu yao twataka kusema leo.

Wahadzabe ni watu wachache, yapata 1,000 au wakizidi kidogo, waishio kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu. Lugha yao haina udugu na lugha yo yote ya jirani. Katika miaka ya 1964 na 1965 Serikali iliwakusanya Yaeda Chini, ikawajengea nyumba na shule. Muda si mrefu wengi walirudi porini. Wengine leo wamekaa Munguli, wilaya ya Mkalama. Tangu siku zile bweni limekuwa ndiyo njia ya kumfikia mtoto wa kambi ihamayo, kwa kuwa kambi haiwezi kungojea kengele ya shule. Basi kumfungia mlango wa bweni mtoto wa miaka saba wa huko ni karibu sawa na kumwambia asisome kabisa, maana hataweza kuingia darasa la tano asipopita la kwanza. Twaomba kibali cha Kamishna kisiwe kigumu kwa watoto hawa, wala maombi yao yasilale mezani.

Tukiisha kusema hayo, hatutaki mtu adhani kwamba twalisifu bweni kama lilivyo. Mtoto wa Kihadzabe afikapo miaka mitano hivi amekwisha kujua kujitafutia sehemu ya chakula chake. Huokota matunda, hupasua mabuyu, hufuatana na wenzake porini, wala hakuna mkubwa wa kumwamuru kila saa. Mtoto huyo huyo, akiisha kupelekwa shuleni, husimama katika mstari na sahani mkononi, akangojea ugali na maharage ya kipimo, na mgao ukipunguka hana mti wa kuuendea. Akitoroka huandikwa mtoro. Sisi tungeuliza kwanza amekimbia nini. Huenda ni njaa. Huenda ni fimbo, ambayo kwa kanuni za mwaka 2002 haipasi kuzidi viboko vinne, wala si halali kwa kila mwalimu kuishika apendavyo. Au huenda amechekwa kwa lugha yake.

Jambo hilo la lugha ni kubwa kuliko lidhaniwavyo. Kiswahili ndicho kilichotupa sisi makarani kazi na heshima, na hatuna neno la kukilaumu. Na Wahadzabe wengi walio watu wazima wakijua. Lakini mtoto mdogo aliyeshikwa na homa usiku wa manane ataka mtu wa kumwambia tumbo lauma mahali gani, kwa maneno aliyofundishwa na mama yake. Mlezi wa bweni asiyejua hata neno moja la maneno hayo atamfunika blanketi, naye atadhani ametimiza kazi yake.

Zipo nchi zilizokosa vibaya katika jambo hili. Kanada kwa miaka zaidi ya 100 iliwakusanya watoto wa wenyeji wa asili, zaidi ya 150,000, katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za Serikali, wakakatazwa lugha zao, na wengi wakafa huko. Serikali ya nchi ile iliomba radhi mwaka 2008, na tume yake ilitoa taarifa mwaka 2015. Nia ya kule ilikuwa kumvua mtoto ukabila wake, na hatusemi kwamba ndiyo nia ya hapa. Ila mtoto alalaye na njaa hajui tofauti ya nia.

Hapa kwetu palipata kujaribiwa njia nyingine. Mwaka 1928 Bwana Mumford alifungua shule ya Malangali, nchi ya Iringa, akawaita wazee wa kabila wakae shuleni kufundisha desturi, ngoma na michezo ya mkuki. Waafrika wengi wa zamani zile waliishuku elimu ya namna hiyo, wakiona kwamba yataka kuwafungia kijijini wasipate vyeti. Na kwa habari ya Serikali ya kikoloni walikuwa na haki ya kushuku. Lakini lile la kumweka mzee karibu na mtoto lilikuwa jema, na laweza kufanywa leo bila ya kumnyima mtoto hesabu wala Kiingereza.

Tena kuna moto. Shauritanga mwaka 1994 waliteketea wasichana zaidi ya 40 bwenini. Idodi mwaka 2009 waliteketea 12. Mlango mmoja, madirisha ya nondo, vitanda vimebanana: nani katika sisi hajaona bweni la namna hii?

Na hapa neno latugeukia sisi wenyewe. Taarifa za mabweni huandikwa na makarani. Sisi ndio tuandikao «vitanda vyatosha» kwa kuinakili taarifa ya mwaka uliopita. Sisi ndio tupitishao hati za mzabuni wa unga bila ya kwenda ghalani kuupima. Ofisa aliye juu hutia sahihi aliyoletewa.

Kwa hiyo twaleta haya mbele ya Kamati. Kila bweni lipokealo watoto wa Wahadzabe na wa Wabarabaig liwe na mlezi mmoja wa kabila lao, alipwe mshahara wa Serikali, hata kama hana cheti. Likizo zipangwe kwa kuulizana na wazee, na lori la kuwarudisha watoto kambini litiwe katika makisio, lisiachiwe hisani ya mtu. Kila bweni liwe na milango miwili ifunguliwayo kwa ndani. Wanachama walioko Mkalama, Mbulu na Hanang twawaomba wahesabu vitanda kwa macho yao, watuletee hesabu hiyo kabla ya mkutano ujao.