Tuwasikilize kwa makini makocha wa kutunisha misuli

Mpwa wangu hakufika jukwaani. Alianguka asubuhi ya siku ya mashindano, mlangoni pa nyumba ya mamaye huko Kimilili, begi likiwa begani na nauli ya matatu mkononi. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, misuli ya miguu imekakamaa, na moyo, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa "unaruka hatua". Kwa muda wa siku mbili hakuwa amekunywa maji, na usiku uliotangulia alikuwa amemeza vidonge vya kukojoza alivyopewa na kocha wake. Hospitalini walimtundikia maji, wakampima madini ya damu na kumlaza siku nne. Alipona. Lakini ada ya kocha yule niliilipa mimi, na ndiyo sababu leo nimeona ni wajibu wangu kuandika.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtaalamu wa misuli. Kazi yangu ni isimu. Nimefundisha lugha chuoni kwa miaka mingi, na uzito mkubwa zaidi ninaounyanyua ni kamusi. Hata hivyo, kila nirudipo nyumbani likizoni, chini ya Mlima Elgon, nawaona vijana nyuma ya maduka wakinyanyua vyuma walivyojitengenezea wenyewe: mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la maji. Wengi wao ni wanafunzi wa sekondari na walimu vijana. Sina ubaya wowote na jambo hilo. Kijana anayeamka alfajiri kunyanyua saruji ni afadhali mara mia kuliko yule anayelala hadi saa tano. Taabu huanza anapojitokeza mtu na kumwambia kijana huyo kwamba anaweza kumtayarisha kwa mashindano.

Mashindano haya yana ugumu usiopatikana katika riadha. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina upendeleo. Mtunisha misuli hupimwa kwa macho ya waamuzi. Katika mashindano makubwa ya kwanza ya aina hii, yaliyoandaliwa na Eugen Sandow katika ukumbi wa Royal Albert, London, Septemba 14, 1901, mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi ambaye kwa taaluma alikuwa tabibu. Miongoni mwa mambo yaliyopewa alama siku ile ni afya ya mshindani kwa jumla. Naona jambo hilo lilisahauliwa njiani. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, Mfaransa mzaliwa wa Algeria, alifariki saa chache baada ya kushinda mashindano nchini Uholanzi. Mwili ulikuwa umekaushwa maji na moyo ukasimama. Machi 1996, Andreas Münzer wa Austria alifariki akiwa na umri wa miaka 31, siku chache tu baada ya kushindana Marekani, ini na figo zikiwa zimeshindwa kazi. Hao walikuwa mabingwa waliojulikana duniani kote. Mpwa wangu alikuwa mwalimu wa hisabati ambaye hata picha yake haijawahi kutoka gazetini.

Maandalizi yenyewe ni nini? Ukiondoa mbwembwe, ni kujinyima chakula kwa hesabu huku ukiendelea kunyanyua uzito, ili mafuta yapungue na misuli ibaki. Huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Wataalamu wa lishe wanakubaliana kwamba mtu asipoteze zaidi ya asilimia 1 hivi ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 80 apungue nusu kilo au robo tatu, si kilo tatu. Akiharakishwa, mwili hula misuli ile ile aliyoihangaikia. Ama hilo suala la kukata maji, ni upuuzi hata kwa hesabu ya jukwaani: takriban robo tatu ya msuli ni maji. Anayefukuza maji mwilini husinyaza kile anachotaka kukionyesha, na pamoja na maji hayo huondoka potasiamu, ambayo bila yake moyo hauwezi kupiga kwa mpangilio.

Mambo haya niliyasoma baadaye, nikiwa nimeketi kando ya kitanda cha hospitali. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ningeligundua mapema bila kusoma chochote, na ndilo linaloniuma. Kocha yule alizungumza nami mara tatu, na lugha yake ilikuwa wazi kama kitabu. Mimi, ambaye hulipwa mshahara kusikiliza namna watu wanavyosema, sikumsikiliza.

Chukua kitenzi alichokipenda kuliko vyote: kukausha. "Nitamkausha, Daktari. Mwaka juzi nilimkausha mwingine akawa wa pili." Wanafunzi wa sarufi wanajua kuwa kiambishi -sh- humfanya mtu kuwa mtendeshwaji. Kauka ni hali. Kausha ni kitendo kinachofanywa na mmoja juu ya mwingine. Tunakausha mihogo, tunakausha omena kule ziwani. Omena haulizwi kama ana kizunguzungu. Katika mazungumzo yote matatu sikumsikia kocha huyo akimtaja mpwa wangu kama mtenda. Alikausha, aliumba, alichonga, alimtoa. Mpwa wangu alikuwa yambwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha kulikuwa na viwakilishi. Kijana alipopungua uzito vizuri katika wiki za kwanza, ilikuwa "mimi". Alipoanza kukosa usingizi na kusahau alichokuwa akifundisha ubaoni, ilikuwa "wewe": wewe huna nidhamu, wewe umekula usiku, wewe hutaki ushindi. Sasa sote tuliowahi kukaa katika chumba cha walimu matokeo ya mtihani yanapotangazwa tunaijua sarufi hiyo. Mwanafunzi akipata A, nilimfundisha. Akipata E, alianguka. Huenda ndiyo maana haikunishtua.

Ishara kubwa zaidi ilikuwa namna alivyolipokea swali la "kwa nini". Mpwa wangu, kwa kuwa ni mtu wa hisabati, alimwuliza kwa nini karatasi yake ya chakula ilifanana neno kwa neno na ya mwenzake aliyemzidi kilo 25. Akajibiwa, "Wewe fanya." Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Inamtaka mwalimu wa Bungoma ale samaki wa salmoni, shayiri ya kutoka ng'ambo na unga wa protini ambao, kwa sadfa ya ajabu, aliuuza kocha mwenyewe. Mtu wa kilo 80 anayejiandaa huhitaji takriban gramu 160 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo kwa mayai pekee angehitaji 26 au 27. Ni hesabu ngumu kwa mshahara wa mwalimu, lakini inawezekana kuipunguza kwa omena, maharagwe, maziwa, kuku na njugu, vitu vilivyo sokoni Kimilili. Kocha mwema angeanza na chungu cha mamake kijana. Angeuliza: mnapika nini, mnakula wangapi, nani hukirimu wageni? Huyu hakuuliza swali hata moja la namna hiyo.

Na hatimaye kulikuwa na siri. "Hili la vidonge usimwambie mtu, hata mjomba." Kila mwalimu anayesoma makala haya aliandike sentensi hiyo mahali. Mtu mzima anayemwambia kijana asiwaambie wakubwa wake kinachoingia mwilini mwake amekwisha kujitambulisha.

Wapo watakaosema kwamba kocha huyo alikuwa na misuli mikubwa na vikombe kabatini, kwa hiyo alijua alichokifanya. Nami nilidanganyika hivyo hivyo, ingawa ningepaswa kuwa mtu wa mwisho kudanganyika. Mzee wa Lamu asiyekwenda shule huzungumza Kiswahili ambacho mimi na shahada zangu sitakifikia, lakini mwombe akueleze ngeli ya U-I uone atakavyokutazama. Kuwa na kitu si sawa na kukijua. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Ndugu Colm O'Connell aliwasili Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji wala hakuwa amesomea ukocha. Alitazama, akauliza, akajifunza kutoka kwa wale aliowafundisha, na wengi wao wakawa mabingwa wa dunia. David Rudisha alipoweka rekodi ya mita 800 mjini London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91, kocha wake alikuwa mwalimu huyo huyo wa jiografia.

Walimu wa umri wangu wanaikumbuka Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988. Ben Johnson wa Kanada alishinda mita 100 na siku tatu baadaye akapokonywa medali kwa kutumia steroidi. Mwaka uliofuata kocha wake, Charlie Francis, alisimama mbele ya tume ya uchunguzi na kukiri kwamba mwanafunzi wake alikuwa akitumia dawa hizo kwa miaka mingi. Katika michezo hiyo hiyo, siku chache baada ya aibu ile, Peter Rono, aliyelelewa mbio pale St. Patrick's, alishinda dhahabu ya mita 1,500. Sisemi kwamba Wakenya ni malaika. Marufuku ya miaka minne aliyopewa Asbel Kiprop mwaka 2019 inatosha kutunyamazisha, na tulilazimika kutunga sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016 kwa sababu nyumba yetu ilikuwa inavuja. Nasema tu kwamba Francis alijua mambo mengi zaidi ya sayansi ya misuli kuliko O'Connell, na tazama elimu hiyo ilimfikisha wapi yule aliyemwamini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kwetu wangelielewa upesi. Mbukusu anayemtahiri mwana mwezi wa Agosti hamwachi mlangoni pa nyumba kisu kikishafutwa. Kijana hutunzwa, hulishwa, hufundwa, hadi sherehe ya kuhitimu, khukhwalukha, mwezi wa Desemba. Siku ya kisu ni siku moja tu. Malezi ni miezi. Kwa makocha wengi wa misuli siku ya jukwaa ndiyo mwisho wa mkataba, ilhali hatari nyingine huanza kesho yake. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwanyima chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na waliporuhusiwa kula baadhi yao walikula bila kushiba kwa majuma mengi. Ndivyo anavyokuwa mshindani aliyekaushwa na kuachwa. Hunenepa ghafla, huona haya kuonekana, na hana wa kumwuliza kama hali hiyo ni ya kawaida. Wasichana wana lao la ziada: hedhi hukatika wakati wa kujinyima, mifupa ikadhoofika, na kocha mwanamume ama haulizi au hujifanya hajui. Hapo naomba walimu wa kike wa michezo wasione haya kuuliza.

Ukitaka kumpima kocha, basi, usimwombe picha za mabingwa wake. Mwombe daftari. Anayefanya kazi yake sawasawa ana rekodi ya uzito, kiuno, usingizi na chakula cha kila mwanafunzi, na kurasa za mmoja hazifanani na za mwingine. Mwulize alikosea wapi mwaka jana, umwone kama anaweza kutamka neno "sijui". Mwulize ni nani kati ya wanafunzi wake aliyemwambia asishindane. Mpwa wangu alipouliza swali hilo la mwisho kwa kocha mwingine, mzee mmoja wa Kitale aliyewahi kunyanyua vyuma jeshini, mzee alitaja wanne bila kufikiri, na sababu ya kila mmoja: huyu presha, huyu alikuwa na mtihani, huyu hakuwa na fedha za chakula, huyu umri. Siku ile ile alimtuma akapimwe damu kabla ya kukubali senti yake. Mwaka uliofuata mpwa wangu alipanda jukwaani baada ya matayarisho ya wiki 22, chupa ya maji mkononi hadi alipoitwa jina. Akawa wa sita. Uzito alioupata baadaye waliurudisha polepole, kwa miezi mitatu, na mzee akimpigia simu kila Jumapili jioni.

Ama yule kocha wa kwanza, nilimwendea. Sikwenda kugombana, nilitaka aone karatasi ya vipimo vya damu. Aliisoma kwa muda mrefu, nami nikatambua kwamba namba zile hazikumwambia lolote. Kisha akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba yeye mwenyewe alikaushwa hivyo hivyo na kocha wake, akazimia mara mbili, na leo yu mzima. Nilimwomba jambo moja tu, awapeleke vijana wake kwa daktari kabla ya kuanza. Akasema ana vijana watatu kwa ajili ya mashindano yajayo, mmoja wao bado yuko kidato cha nne.

"Hilo la daktari," akasema, "tutaliona."