Sahani za Lancaster na Majina Yetu

Kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba,

Madhumuni ya waraka huu ni kuwapa habari za mwana wa kwetu ambaye sifa zake zimekwisha kuenea katika majumba ya sanaa ya Ulaya, ilhali hapo nyumbani, kwa kadiri ninavyosikia, wengi bado hawamjui.

Bibi Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, na alipokuwa mchanga wa miezi minne baba yake akafariki kwa malaria, mama yake, aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akamchukua wakahamia Uingereza. Huku ndiko alikokulia, akasoma, akachora na kufundisha, hata mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, akatunukiwa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya huku Uingereza, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata. Tuzo ni heshima kubwa, lakini linalostahili kusimuliwa zaidi ni namna anavyoifanya kazi yake.

Mji wa Lancaster, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ulitajirika katika karne ya 18 kwa biashara ya watumwa, na nyumba za mawe za matajiri wake zingali zimesimama. Mwaka 2007, Waingereza walipoadhimisha miaka 200 tangu Bunge lao kuiharimisha biashara hiyo, Bibi Himid alinunua madukani vyombo vikuukuu vya mezani, sahani, majagi na mabakuli, idadi yake 100, akavichora juu ya nakshi zake za asili bila ya kuzifuta zote, kisha vikaandaliwa katika jumba la kale mjini humo. Katika sahani utauona uso wa mtumishi Mweusi, mtulivu, nakshi za kiwandani zikichungulia pembeni mwake. Katika jagi utamwona bwana mkubwa akitapika kwa uchungu wa habari kwamba biashara yake imekatazwa. Mtu hawezi kuvitazama vyombo vile asijiulize ni nani aliyepika, ni nani aliyeandaa, na sukari ya chai ilipatikana kwa jasho la nani.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, alikuwa amewachonga na kuwapaka rangi watu 100 wa mbao wenye kimo cha binadamu, mfano wa watumwa waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, hata wafunza mbwa. Ukizunguka nyuma ya mmoja wao utasoma maneno machache: jina lake la kwao, jina alilobandikwa na mabwana, kazi aliyokuwa akiifanya zamani, kazi anayoifanya sasa, na kitu kidogo kinachomliwaza. Majina yale ameyatunga msanii mwenyewe, kwa kuwa ya kweli hakuna aliyejishughulisha kuyahifadhi.

Amechora pia kwa mtindo wa kanga, pindo, mji na maneno yake chini, na hapo ndipo kazi yake inapobisha hodi kwetu. Mwajua wenyewe kuwa watumwa wa zama zile walivaa kaniki na merikani, na kwamba baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa Unguja na Pemba, wanawake wengi waliopata uhuru walizitupa nguo hizo wakajifunga kanga, ili nao wahesabiwe kuwa ni waungwana. Nguo hiyo tumeirithi, na ikichakaa twaichana ikawa nepi au kishikio cha sufuria. Lakini wale waliotangulia kuivaa, na waume zao waliopanda na kuchuma karafuu katika mashamba ya watu, ni mara ngapi twawataja kwa majina?

Nasema haya kwa adabu, maana nafahamu kuwa nasaba kwetu ni jambo nyeti, na zipo nyumba ambamo swali la aina hii huzimwa kwa kikohozi cha mzee. Hata hivyo haya ikizidi hugeuka dhuluma, kwa sababu aliyenyimwa haki yake akiwa hai hunyimwa mara ya pili anaposahauliwa.

Basi nawasihi, hasa nyinyi vijana mnaosomea uchoraji, filamu na upigaji picha, mkae na mabibi na mababu zenu, muwaombe wafungue makasha, na kila kanga ya zamani itakayotoka muipige picha na kuiandikia ilivaliwa na nani, katika shughuli gani, na mwenyewe alikuwa mtoto wa nani. Nakala moja ibaki nyumbani, na nyingine ipelekwe katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Bibi Himid alilazimika kuyabuni majina 100. Yetu mengine bado yanajulikana, na wanaoyajua ni wazee.

Wassalaam,
Ndugu yenu aliye Uingereza