Nimelipia usingizi, usingizi ukanikimbia!

Kila wiki safu hii huwa inakuletea ya watu: ya mawifi, ya mabwana wanaoficha mshahara, ya wenye nyumba wanaokata umeme saa tatu usiku. Leo nakuletea ya kwangu mwenyewe. Ukitaka kucheka, ruksa. Hata mimi nacheka sasa, ingawa usiku wenyewe nilikuwa karibu kulia.

Kwanza ujue kwamba mimi nakoroma. Na si kukoroma kwa kawaida, nakoroma kama treni ya mizigo inayopanda mlima. Chumba ninachopanga Manzese kimepakana ukuta na mama mmoja muuza vitumbua. Mama huyo anasema hana haja ya saa ya mezani, maana koromo langu la alfajiri likianza tu anajua ni saa kumi, anainuka kuwasha jiko. Tulikuwa tunayachekea hayo pale uani, maisha yanakwenda.

Kicheko kiliondoka kwa mambo mawili. La kwanza, mshkaji wangu mmoja alikuja kulala kwangu baada ya kukosa gari la kwao. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, wewe hukoromi tu. Unakoroma, halafu unanyamaza. Nimehesabu mpaka ishirini hupumui! Nilikuwa nimeshainua mkono nikuzabe kibao, mara ukashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

La pili ndilo lililoniogopesha. Unajua makala hizi hazitoshi kulipa kodi ya chumba, hivyo mchana naendesha bodaboda. Jumanne moja nimesimama kwenye taa za Magomeni Mapipa, nyuma nimembeba dada mmoja na mtoto wake mgongoni. Taa nyekundu. Basi bwana, hapo hapo nikasinzia! Pikipiki ikalala upande, na sisi tukaenda nayo. Mungu mkubwa, tulikuwa tumesimama, hakuna aliyeumia. Yule dada hakunitukana. Alimweka mwanawe sawa mgongoni, akaniangalia, akasema, "Kaka, nenda hospitali." Akaondoka kwa miguu. Ningetukanwa ningejisikia nafuu.

Nikaenda. Daktari akaniuliza kama huwa naamka nimechoka, kama kichwa kinaniuma asubuhi, na kama naamka kwenda msalani mara nyingi usiku. Yote nikasema ndiyo. Akachukua tepu kama ya fundi cherehani akanipima shingo: sentimita 44. Akasema mwanamume shingo ikizidi 43 na anakoroma hivyo, lazima aangaliwe.

Alinieleza hivi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine inalegea mno mpaka njia ya hewa inaziba. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga kelele, mtu anashtuka kidogo, koo linafunguka, anavuta hewa, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Mchezo huo ukijirudia usiku kucha, unalala saa nane lakini unaamka kama ulikuwa unabeba zege. Ukiachwa miaka, presha inapanda na moyo unateseka. Kipimo chake ni kulala hospitali usiku mmoja, umefungwa waya, watu wanakuangalia.

"Na hiyo pikipiki," akamalizia, "iweke ndani mpaka tupate majibu."

Gharama sitaitaja, nisije nikakuondolea usingizi na wewe. Itoshe kusema kwamba bi mkubwa wangu alitoa fungu lake lote la kikoba, na kaka yangu wa Dodoma akauza mbuzi wawili. Mama hakuuliza mara mbili. Marehemu baba naye alikuwa anakoroma hivi hivi. Mwaka 2009 alilala usiku mmoja hakuamka. Hakuna aliyempima, kwa hiyo sisemi ndicho kilichomwondoa. Ila mama tangu alipoambiwa habari ya kuhesabu mpaka ishirini, yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Sasa hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Siku ile ile niliyolipa, wazo likaniingia kichwani likakataa kutoka: je, nisipolala?

Hebu fikiria. Mimi ndiye mtu anayesinzia kwenye daladala akapitilizwa kituo. Nimesinzia kwenye kikao cha harusi mpaka nikaandikiwa mchango mkubwa bila kujua. Lakini nilipoambiwa tarehe fulani, kitanda fulani, lala, nikaanza kutetemeka. Nisipolala, hela ya mama imekwenda na maji, mbuzi wamekwenda, majibu hakuna, na pikipiki inabaki ndani. Wiki nzima sikuwaza ugonjwa, niliwaza usingizi tu.

Siku ikafika. Nikaripoti saa mbili usiku na mto wangu kwapani, maana niliambiwa ruksa kuja nao. Akanipokea dada mmoja wa makamo, mpole, ndiye mwenye zamu ya mashine. Akaanza kunipamba. Waya kichwani za kusoma ubongo. Waya pembeni ya macho. Waya kidevuni. Waya kifuani za moyo. Waya miguuni. Mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja tumboni. Kimpira puani cha kupima pumzi. Kidoleni kibanio chenye taa nyekundu cha kupima oksijeni. Juu ukutani, kamera inayoona gizani. Nikajitazama kwenye kioo nikajiona kama redio mbovu iliyofunguliwa na fundi akaenda kula.

Saa nne taa zikazimwa. Nikafumba macho.

Mwenzangu, kimya! Hakuna mbu, hakuna muziki wa baa, hakuna mtu anayegombana na mkewe nyumba ya tatu. Mimi kimya sijakizoea. Nikageuka kulia, waya zikavuta. Nikageuka kushoto, kimpira kikachomoka. Moyoni nasema, "Lala, lala, lala," na kila nikisema ndivyo macho yanavyozidi kuwa makavu. Nasikia Wazungu huhesabu kondoo. Mimi nikahesabu mbuzi, lakini kila nikihesabu nawaona wale wawili wa kaka yangu, nao wananiangalia.

Saa sita kasoro mkojo ukanibana. Nikaita, dada akaja akachomoa ule mkusanyiko wa waya, nikaenda msalani nimeubeba kama mtoto mchanga. Kurudi, nikaiona simu inawaka. Ujumbe wa mama: "Umelala?"

Nikajibu, "Bado."

Akarudisha, "Basi na mimi bado."

Hapo nikaishiwa nguvu. Nikamgeukia yule dada nikasema, "Dada, tuache tu. Kama mnaweza nirudishieni hela, kama hamuwezi nipangieni siku nyingine. Usingizi haupo."

Hakunishangaa. Akavuta kiti akakaa. "Mdogo wangu," akasema, "karibu kila anayelala kwenye kitanda hiki huniita usiku kuniambia hivyo hivyo. Kazi yako wewe ni kujilaza na kutulia. Kulala uuachie mwili, wenyewe unajua. Na hatuhitaji saa nane. Saa chache zinatosha, ugonjwa kama upo hautajificha."

"Na nisipolala hata hizo chache?"

"Inatokea, lakini mara chache. Ikitokea tutazungumza na daktari, utarudi. Hujafeli mtihani. Sasa hiyo simu igeuze, na saa usiiangalie tena."

Baadaye nilisoma nikakuta jambo lenyewe linajulikana zamani. Watafiti wa Marekani waliliandika mwaka 1966, wakaliita athari ya usiku wa kwanza: mtu akilala ugenini na mashine mwilini, usiku wa kwanza usingizi wake huwa mwepesi na wa kukatikakatika. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, huko huko Marekani, wakaonyesha sababu mojawapo. Usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, haulali sana kama mwenzake. Unabaki unasikiliza. Yaani ubongo umeweka mlinzi getini! Kumbe sikuwa na wazimu, nilikuwa na mlinzi mwaminifu tu.

Nikamwandikia mama, "Nalala sasa, na wewe lala." Nikageuza simu. Sikujilazimisha tena. Nikalala pale nawaza vitumbua vya jirani yangu, yule dada wa Magomeni, mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni taa kuwashwa, saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Nikaapa mbele ya yule dada kwamba nimelala nusu saa tu, tena ya kuibia. Akacheka, akasema tusubiri majibu.

Majibu yakatoka baada ya wiki. Shika kiti, msomaji. Nililala saa 4 na dakika 40! Daktari akasema hilo nalo ni la kawaida, mtu anayeshtukashtuka hukumbuka ule muda aliokuwa macho, ule aliolala haukumbuki. Na katika muda huo pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 38 kila saa. Chini ya mara 5 ni sawa. Kuanzia 5 mpaka 15 ni ugonjwa mdogo, 15 mpaka 30 wa kati, kuanzia 30 ni mkali. Na kila mkatiko mmoja unahesabiwa tu kama umefika sekunde 10. Piga hesabu: usiku ule mmoja nimekabwa zaidi ya mara 170, na mimi nilikuwa nahangaika na mbuzi.

Dawa ipo. Ni mashine ndogo ya mezani inayosukuma hewa kwa mpira mpaka kwenye kinyago puani, hewa hiyo inalizuia koo lisizibe. Daktari mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, ndiye aliyeitangaza mwaka 1981. Juu ya hapo nimeambiwa nipunguze mwili, nilale ubavu badala ya chali, na pombe za usiku niziage, kwa sababu zinazidi kulilegeza koo.

Wewe uliyepangiwa kipimo hiki, na najua mpo, sikia ya mwenzio aliyetangulia. Siku hiyo usilale mchana. Kahawa na chai ya rangi achana nazo kuanzia adhuhuri. Usinywe pombe eti ikuletee usingizi, itaharibu kipimo. Kama una dawa unazotumia, usiziache kwa akili yako, muulize daktari. Nywele osha, usipake mafuta, gundi haitashika. Akina dada wenye rasta na nywele za kushonea, ulizeni mapema, maana waya lazima ziguse ngozi ya kichwa. Kucha za bandia, rangi na hina navyo vinaweza kukisumbua kile kibanio, kwa hiyo acheni hata kidole kimoja kikiwa safi. Beba mto wako. Na ukikosa usingizi, usiogope kumwita mwenye zamu. Kuliko kukodoa macho peke yako gizani, afadhali uambiwe kwamba wewe si wa kwanza.

Kwa sasa pikipiki anaendesha yule mshkaji aliyenihesabia, ananiletea hesabu kila jioni, nasi tunaweka kidogo kidogo kwa ajili ya mashine. Mama nimempigia nikamsomea majibu yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Afadhali tumejua." Siku hiyo alilala mapema, kaka ndiye aliyeniambia.

Mwenye malalamiko amebaki mmoja tu, jirani yangu wa vitumbua. Anauliza nikishapata mashine nikaacha kukoroma, nani atamwamsha saa kumi? Nimemwahidi saa ya mezani.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na leo usiku, kama mwenzio anakoroma halafu ghafla ananyamaza, usigeuke upande wa pili ukafurahi kwamba amekuachia ulale. Anza kuhesabu.