Kware Nyumbani mwa Askari

Askari na polisi wengi wa Bujumbura wanakaa katika nyumba ndogo, na ua ni wa kushirikiana na majirani. Mbuzi hapo huleta ugomvi, na jogoo humwamsha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Kwa hiyo anayesema kwamba kware ndiye ndege afaaye nyumba kama hizo hasemi uongo. Lakini hapana budi tuulizane: anafugwa kwa ajili gani? Kwa maoni yangu, afugwe kwa ajili ya mayai ya watoto na utulivu wa moyo wa mwenye nyumba. Asifugwe kwa tamaa ya utajiri wa haraka.

Kwanza tuelewane juu ya ndege mwenyewe. Yule wa porini, anayechomoka mbele ya miguu ya mpita njia katika nyasi za Imbo, aachwe huko huko. Wa kufugwa ni kware wa Kijapani. Watu wa silaha wanamjua tangu zamani: samurai wa Japani walimfuga kwa ajili ya sauti yake, wakishindanisha milio ya madume yao. Mambo ya mayai yalikuja baadaye sana, katika karne ya 20.

Kufugwa kwa vizazi vingi kumemsahaulisha kuatamia. Jike hutaga yai la gramu 10 hivi, kisha akaenda zake. Anayetaka vifaranga hana budi kutafuta kuku mdogo anayeatamia, au mashine yenye joto la nyuzi 37 na nusu. Mayai hugeuzwa mara kadhaa kila siku mpaka siku ya 14, kisha huachwa yatulie. Kifaranga hutoka siku ya 17 au ya 18. Ni mdogo hata akaweza kuzama katika kisahani cha maji, ndiyo maana wenye akili hutia changarawe humo.

Mtu atasema Bujumbura ina joto la kutosha. Si kweli. Kifaranga katika wiki yake ya kwanza anahitaji nyuzi 35 hivi, mchana na usiku, na upepo wa ziwani wakati wa kiangazi haumhurumii. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa humsaidia. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala, kwani moshi wake usioonekana huua familia kabla ya kuua ndege.

Sasa kuhusu kumzoeza. Hapa cheo hakisaidii kitu. Kware akishtuka huruka wima kama risasi na kujipasua kichwa. Basi dari ya kizimba iwe ya chini, kama sentimita 25, au iwe ya kitambaa laini. Nilimwona koplo mmoja, mtu wa sauti nzito, akiingia kwa ndege wake na viatu vya kazi, na ndege wote wakijibana pembeni. Binti yake wa miaka minane alichuchumaa, akapeleka kiganja chenye chakula kwa upande, chini chini, nao wakamjia. Mkono ukitoka juu, kware huuona kuwa ni mwewe. Kila siku dakika chache, tangu wiki ya kwanza, kwa sauti ile ile: hiyo ndiyo siri yote, na koplo yule baadaye alijifunza kwa mtoto.

Juu ya fedha, tutazame Kenya. Mwaka 2013 watu wengi huko walikimbilia kware, wakiambiwa kwamba mayai yake huponya magonjwa ya kila namna. Yai moja liliuzwa kwa makumi ya shilingi. Wafugaji waliongezeka upesi kuliko walaji, na mwaka 2014 bei ikaanguka hadi shilingi chache. Waliokopa wakabaki na deni pamoja na vizimba. Yai la kware ni chakula chema, lakini si dawa. Mayai matano ndiyo uzito wa yai moja la kuku.

Kwa hiyo, ndugu askari, anza na majike wanne na dume mmoja. Wakilishwa unga wa mahindi uliochanganywa na soya iliyokaangwa na ndagala zilizosagwa, majike huanza kutaga wiki ya sita au ya saba. Na kabla ya kumnunua hata mmoja, kaa na mama watoto mkubaliane nani atawapa maji siku utakapoamriwa kuondoka usiku kwenda Makamba, bila kujua tarehe ya kurudi.