Lusina na Somo Tulilolipuuza

Kila mwanafunzi wa Kilimo hukariri kwamba lusina ni lishe bora ya ng'ombe wa maziwa, yenye protini nyingi. Ni kweli. Lakini ni nadra kumsikia akimtaja adui wake.

Adui huyo ni mdudu mdogo mfano wa kidukari, mwenye asili ya Amerika ya Kati na Karibiani. Mwaka 1984 alizuka Hawaii. Mwaka 1992 akatua Pwani yetu. Hufyonza utomvu wa machipukizi hadi majani yakapukutika. Wakati huo nilifundisha Kilifi. Ua wa lusina uliopandwa kwa jasho la wanafunzi ulibaki vijiti, na maziwa ya ng'ombe wa shule yakapungua. Hatukuwa na mti mwingine wa kuwakatia. Lawama ni yangu pia, kwani nilihimiza mti mmoja tu.

Wapo wadaio kwamba dawa ya kunyunyiza ingetosha. Je, ilhali majani yenyewe ndiyo chakula?

Walimu wenzangu, mvua zijazo tuwapeleke wanafunzi uani wakayakague machipukizi. Kando ya lusina wapande kaliandra, hata sesbania, ingawa hiyo nayo ina mbawakavu wake.