MAMBO YA UKULIMA: Wageni katika Shamba la Alizeti

Huko Kanada, karibu na mji wa Hamilton, jamaa moja walilima alizeti kwa ajili ya mbegu za kulishia ndege. Mwezi wa Julai, 2018, katika majira ya joto, maua yalipochanua, waliwafungulia watu shamba lao: kila mtu alipe dola 7 na senti 50, aingie, apige picha. Shauri hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa ua la alizeti halikai sana, na mnunuzi wa mbegu halipi chochote kwa uzuri wake.

Lakini picha zilienea upesi katika simu za watu. Jumamosi, tarehe 28 Julai, wakaja maelfu. Motokaa zikaziba barabara, watu wakavuka njia kuu kwa hatari, wengine wakaingia bila kulipa na kuikanyaga mimea. Polisi wakafika, na shamba likafungwa siku ile ile. Wenyewe wakatangaza kwamba wapiga picha hawatapokewa tena.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walakini mwenyeji hawezi kupona asipojua wageni ni wangapi. Mkulima atakaye kupokea watazamaji na apime kwanza mahali pa kuweka magari, aweke kikomo cha watu kwa siku, na atenge kipande cha watazamaji mbali na kile cha mavuno. Shina likiisha kuvunjika, halizai mbegu.