Nyimbo za Kuaga za Wawindaji wa Nyangumi

Mwezi huu tunakualika usafiri nasi mbali kidogo, hadi pwani ya mashariki na kaskazini ya Uskoti, nchi ya upepo na baridi. Kutoka miji ya Dundee, Peterhead na Aberdeen, wanaume walikuwa wakiaga nyumbani kila mwaka kwenda kuwinda nyangumi katika bahari ya barafu. Mji wa Dundee peke yake ulifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 150, tangu katikati ya karne ya 18 hadi kufikia mwaka 1914.

Leo hakuna meli ya Uskoti inayowinda nyangumi. Lakini nyimbo za wale mabaharia hazikufa. Zinaimbwa majumbani, jukwaani na shuleni, na mtu ambaye hajapata kuona barafu wala nyangumi akizisikia, machozi humlengalenga. Tumejiuliza kwa nini iwe hivyo, na tunaona kwamba jibu lake linatuhusu sisi akina mama kwa karibu sana.

Kazi iliyolisha watoto

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Meli ziliondoka mwishoni mwa majira ya baridi au mwanzoni mwa masika, zikapita visiwa vya Orkney na Shetland kuongeza mabaharia, kisha zikaelekea Greenland. Nyangumi alipoonekana, mashua ndogo zilishushwa majini. Wanaume wachache walipiga makasia hadi ubavuni mwa mnyama huyo mkubwa, na mmoja akamchoma kwa chusa lililofungwa kamba ndefu. Nyangumi akikasirika, pigo moja la mkia liliweza kuvunja mashua na kuwamwaga wote katika maji ya baridi kali.

Shahamu ya nyangumi ilitoa mafuta ya taa za nyumbani na za barabarani. Vipande virefu vinavyopinda, vinavyoota kinywani mwake mahali pa meno, vilitumika katika mavazi ya ndani ya kubana kiuno waliyovaa wanawake wa Ulaya. Huko Dundee mafuta hayo yalikuwa na kazi nyingine pia: yalilainisha nyuzi za juti zilizotoka Bengali, ili ziweze kusokotwa na kufumwa magunia. Na waliosimama kwenye mashine hizo kwa wingi walikuwa wanawake. Kwa hiyo kaka aliyatafuta mafuta kwenye barafu, na dada yake akayashika kiwandani. Nyumba nzima iliishi kwa nyangumi.

Pamoja na mshahara, baharia alipata nyongeza kulingana na mafuta yaliyopatikana. Meli ikirudi tupu, na mfuko nao ulirudi mwepesi. Hapo ndipo tunapoanza kuelewa kwa nini nyimbo hizi zina furaha na huzuni kwa pamoja. Mke aliomba meli ijae, na papo hapo aliomba mume arudi salama, akijua kwamba maombi hayo mawili yalivutana.

Wimbo unaomwambia msichana asilie

Wimbo mmoja maarufu, "The Bonnie Ship the Diamond", ni wa kuchangamsha. Unazitaja meli kwa majina yake, na kiitikio chake ni cha kupokewa na watu wote kwa sauti kubwa. Ndani yake vijana wanawaambia wasichana wao wasilie. Lakini ukiusikiliza kwa makini, utaona kwamba yanayosemwa na yanayosikika si kitu kimoja. Anayemkataza mwenzake kulia huwa ameyaona machozi tayari, na huenda yake mwenyewe yako karibu.

Na walikuwa na sababu ya kulia. Mwaka 1830 barafu ya ghuba ya Melville, magharibi ya Greenland, ilizivunja meli 19 za Uingereza katika majira mamoja. Mamia ya mabaharia walilazimika kupiga kambi juu ya barafu. Majira ya baridi ya 1836 hadi 1837 meli kadhaa zilinaswa huko, miongoni mwao "Dee" ya Aberdeen na "Advice" ya Dundee. Chakula kilipungua, na mabaharia wengi wakafa kwa baridi na kiseyeye.

Sisi wauguzi tunaujua ugonjwa wa kiseyeye. Mtu akikosa matunda na mboga kwa muda mrefu, mwili hukosa vitamini C. Fizi huvimba na kutoa damu, viungo huuma, na hata kidonda kilichopona zamani huweza kufunguka upya. Mskoti James Lind, daktari wa meli, alikwisha kuonyesha mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau huwaponya wagonjwa hao. Lakini juu ya barafu ya Greenland machungwa yangetoka wapi?

Wakati huo wote mke aliyeko Aberdeen hakujua lolote. Hapakuwa na simu ya upepo, wala barua isiyobebwa na meli nyingine. Alikwenda gatini, akatazama, akarudi nyumbani kuwapikia watoto. Wimbo ndio uliosema kwa niaba yake yale ambayo yeye hakupata mtu wa kumwambia.

Mkulima anayeaga shamba

Wimbo mwingine, "Farewell to Tarwathie", ni wa polepole na wa upole. Unasemekana kutungwa katikati ya karne ya 19 na George Scroggie, mtu wa Aberdeenshire. Tarwathie si bandari. Ni mahali pa mashamba, mbali kidogo na bahari. Anayeimba ni mtu wa shamba anayeacha udongo aliouzoea ili akatafute riziki kwenye barafu. Huko aendako anakupima kwa kipimo cha mkulima: hakuna kupanda, hakuna kuvuna, na hakuna hata ndege wa kuimba.

Hebu fikiri jinsi jambo hili lilivyo la kweli. Mtu anapoondoka nyumbani, hazungumzii mambo makubwa. Hutaja mlima, mto, mti wa uani, sauti za asubuhi. Wengi wetu tumemsikia mume akiuliza kwenye barua au simu kama mwembe umezaa, au kama mbuzi amezaa. Hajaulizia mbuzi peke yake. Ameulizia nyumba nzima, na sisi tuliomo.

Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye alisifika kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwaka 1880 alipokwenda Greenland kama daktari wa meli "Hope" ya Peterhead. Alikaa safarini miezi ipatayo sita. Katika kumbukumbu zake anamkumbuka mhudumu wa meli, Jack Lamb, aliyekuwa na sauti nzuri, akiimba nyimbo za majonzi na mapenzi huku akiosha vyombo. Doyle anaeleza kwamba nguvu ya nyimbo za namna hiyo huijua yule aliyekaa nusu mwaka bila kuuona uso wa mwanamke. Basi akina mama, hata mahali ambapo hatukuwepo, tulikuwepo.

Utepe juu ya mlingoti

Mabaharia hao walikuwa na desturi moja ambayo imetugusa sana. Usiku wa kuingia tarehe 1 Mei, wakiwa tayari katika bahari ya barafu, walitengeneza shada la duara na kulipamba kwa tepe za rangi walizopewa na wake na wachumba wao siku ya kuagana. Aliyeoa karibuni kuliko wote ndiye aliyepanda kulitundika juu kwenye kamba za milingoti. Shada hilo lilibaki huko, likipigwa na upepo na theluji, safari yote.

Zawadi ya utepe ni ya senti chache tu. Lakini fikiria mwanamume mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi, akiinua macho na kuiona ile nyekundu ya mkewe ikipepea. Wimbo nao ni utepe wa namna hiyo. Hauna uzito, haujazi sanduku, na barafu haiwezi kuuvunja.

Waliozihifadhi ni akina mama

Ni rahisi kudhani kwamba nyimbo hizi ni mali ya wanaume. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Gavin Greig na mchungaji James Duncan walizunguka vijiji vya Aberdeenshire wakiandika nyimbo za zamani kabla hazijapotea. Walikusanya zaidi ya 3,000, zikiwemo za baharini. Aliyewapa maneno ya nyimbo nyingi kuliko wote alikuwa mwanamke, Bell Robertson, ambaye peke yake alitoa karibu 400. Nyingi alizipata kwa mama yake. Hakuwa mwimbaji, bali aliyashika maneno kichwani. Mkusanyo huo ulichapishwa wote katika vitabu vinane, kati ya 1981 na 2002.

Nao wanawake wa Dundee walikuwa na nyimbo zao. Mary Brooksbank, aliyezaliwa 1897 na kuingia kiwandani angali mtoto, aliacha wimbo wa wafanyakazi wa juti, wenye uchovu wa mama anayetakiwa kuwalisha na kuwavika watoto kwa ujira mdogo. Maneno yake yamechongwa kwenye ukuta wa Bunge la Uskoti mjini Edinburgh. Ukiuweka wimbo huo kando ya nyimbo za mabaharia, unazisikia pande mbili za nyumba moja: mmoja anaaga mlangoni, mwingine anabaki na mzigo.

Machozi si udhaifu

Hapa tuseme neno moja kama wauguzi. Mara nyingi wodini na misibani tunasikia watu wakimwambia mama, "Jikaze, usilie." Wanasema kwa upendo. Lakini huzuni iliyofungiwa ndani haiondoki. Hutafuta njia nyingine: kukosa usingizi, kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, hasira kwa watoto wasio na kosa.

Nyimbo za Waskoti hawa zina hekima ya kutulia. Zinasema usilie, huku tuni yake ikikupa ruhusa ya kulia. Tena kiitikio humwondolea mtu upweke, kwa kuwa wote huimba maneno yale yale, na mjane anayeimba pamoja na majirani hahitaji kueleza lililomo moyoni mwake. Kwa hiyo, dada, mumeo anaposafiri kwa miezi, awe baharia, dereva wa malori au mchimba madini, usiogope kuagana naye kwa ukamilifu. Waache watoto walie kidogo mlangoni. Waimbieni wimbo ambao baba anaupenda, na muuimbe tena jioni anapokuwa hayupo.

Je, naye nyangumi?

Lipo swali ambalo haifai tulikwepe. Tunawezaje kupenda nyimbo za watu walioua viumbe wengi namna ile? Wimbo mmoja wa zamani, "The Greenland Whale Fishery", unaoimbwa Uskoti na Uingereza yote, unasimulia mashua iliyopinduliwa na nyangumi na watu kupotea. Ajabu ni kwamba waimbaji hawakukubaliana juu ya mwisho wake. Kwa wengine nahodha anasikitika zaidi kwa sababu ya watu wake, na kwa wengine anasikitika zaidi kumkosa nyangumi. Wimbo huo unatuonyesha jinsi riziki inavyoweza kuugawa moyo wa mtu.

Kwa nyangumi wenyewe hasara ilikuwa kubwa. Nyangumi wa Greenland, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 200, alikaribia kumalizwa katika bahari iliyo kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard. Kampuni ya Salvesen ya mji wa Leith iliendelea na uwindaji huko kusini ya dunia hadi 1963, na mwaka 1982 mataifa yalikubaliana kusimamisha uwindaji wa biashara.

Mwaka 1970 mwimbaji wa Marekani Judy Collins aliuimba wimbo wa Tarwathie bila ala yoyote, ila sauti za nyangumi zilizonaswa baharini. Aliyeaga kwenda kuua na aliyekuwa akiuawa walisikika pamoja, na wengi waliosikiliza walianza kumwonea nyangumi huruma. Miaka mingi baadaye watafiti walitega vinasa sauti chini ya maji mashariki ya Greenland, na kati ya 2010 na 2014 wakanasa nyimbo 184 tofauti za nyangumi wale wale wa Greenland, wale wachache waliosalia. Wanaimba majira ya baridi, gizani, chini ya barafu, wakati ambao meli za zamani zilikuwa zimekwisha kurudi nyumbani.

Mtu wa Tarwathie alidhani anakwenda mahali pasipo na wimbo. Kumbe wimbo ulikuwepo, ila hakuwahi kukaa muda wa kutosha kuusikia. Nasi tusiharakishe kupita karibu na huzuni ya mwenzetu, wala yetu wenyewe. Tuketi, tusikilize.